Mikusanyo ya Katuni: Ni Matoleo Yapi Yafaayo Kununuliwa?

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijibu swali ambalo aghalabu huachiwa mkutubi peke yake: kati ya mikusanyo mingi ya hadithi za katuni inayochapwa na kuchapwa tena, ni ipi inayostahili kununuliwa kwa maktaba ya idara ya lugha? Wapo watakaoguna. Watasema kuwa katuni ni mchezo wa watoto, na kwamba fedha za idara, haba kama zilivyo, zafaa kutumiwa kwa kamusi na diwani. Rai hiyo hatutaijadili kwa kirefu, kwani jibu lake limo katika magazeti yetu wenyewe. Si wachache waliozoea kusoma Kiswahili kwa kufuata vituko vya Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, au vya Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru huko Dar es Salaam. Sanaa iliyowafundisha watu kusoma haiwezi kuwa nje ya uwanja wa mhakiki wa lugha.

Kwa neno “mkusanyo” tuna maana ya kitabu kinachoweka pamoja vipande vilivyotoka kwanza kimoja kimoja, gazetini au jaridani. Kitabu cha namna hii kina watu wawili nyuma yake. Yupo msanii aliyechora, na yupo mhariri aliyechagua, akapanga, akapunguza, akapaka rangi upya, na pengine akafuta. Mnunuzi humwona wa kwanza tu, kwa kuwa jina lake ndilo lililo juu ya jalada. Hoja yetu ni kwamba mkusanyo wa katuni ni toleo la matini, na kwa hivyo upimwe kwa kipimo kile kile tunachopimia matoleo ya tungo zetu kongwe. Kipimo hicho si uzuri wa jalada wala wingi wa kurasa, bali ni uaminifu. Je, toleo linatuonyesha alichokisoma msomaji wa kwanza? Na pale lilipobadilisha, linatwambia?

Funzo la Muyaka

Jambo hili si geni kwetu. Tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, zilihifadhiwa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. W. Hichens akazichapa mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya malenga huyo. Mwenye diwani ya Hichens anapata mashairi. Mwenye kitabu cha Abdulaziz anapata mashairi pamoja na Mombasa yenyewe: ugomvi wa Wamazrui na Sultani wa Unguja, majibizano ya washairi, na watu ambao mafumbo yale yaliwalenga. Malenga ni mmoja lakini vitabu ni viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Kwa hiyo mwanachuoni akisema, “Nimemnunua Muyaka,” mwenzake humwuliza, “Wa nani?” Swali hilo hilo ndilo tunalotaka kuliuliza mbele ya rafu ya katuni.

Ukamilifu

Kipimo cha kwanza ni ukamilifu. Katuni ya Peanuts ya Mmarekani Charles M. Schulz ilianza kutoka magazetini tarehe 2 Oktoba 1950. Kipande chake cha mwisho kilitoka tarehe 13 Februari 2000, msanii akiwa amefariki usiku uliotangulia. Jumla yake ni vipande 17,897. Kwa miaka mingi wasomaji waliipata katika vitabu vidogo vya bei nafuu, ambamo wahariri waliteua vile walivyoviona vinachekesha zaidi. Uteuzi wa namna hiyo hauna ubaya kwa mtu anayetaka kucheka akiwa safarini. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, una kasoro kubwa: unaficha ukuaji. Hauonyeshi jinsi Snoopy, aliyeanza akiwa mbwa wa kawaida mwenye kutembea kwa miguu minne, alivyofika kusimama kwa miwili na kuota ndoto za mwanadamu.

Kati ya mwaka 2004 na 2016 kampuni ya Fantagraphics ilitoa kazi yote katika juzuu 26. Kila juzuu ya vipande vya magazetini inachukua takriban miaka miwili, tarehe zimetunzwa, na nyuma kuna faharasa. Hili la faharasa ndilo linalotufanya tulisifu toleo hilo kuliko mapambo yake yote, kwani mtafiti anayetaka kufuatilia dhamira moja katika muda wa nusu karne amepewa ufunguo. Juzuu ya 25 ina dibaji ya Barack Obama. Dibaji hiyo si mbaya, lakini mnunuzi asiipe uzito usio wake: dibaji ya mtu mashuhuri huuza kitabu, haikihariri.

Je, idara inunue juzuu zote? La hasha. Juzuu ya kwanza na moja ya miaka ya 1960 zinatosha kufundishia ukuaji wa mhusika. Ukamilifu wa toleo ni sifa ya toleo. Haumlazimishi mnunuzi kubeba duka zima.

Ukubwa na rangi

Katika ushairi, tukichapa utenzi kwa herufi kubwa au ndogo, utenzi haubadiliki. Katuni haiko hivyo. Winsor McCay alianza kuchora Little Nemo katika gazeti la New York Herald tarehe 15 Oktoba 1905, akiwa na ukurasa mzima wa gazeti kuwa uwanja wake. Katika kipande mashuhuri cha mwaka 1908, miguu ya kitanda cha mtoto inarefuka na kutembea juu ya mapaa ya mji, na visanduku vya picha navyo vinarefuka pamoja nayo. Urefu ule ndio maana yenyewe. Ukiupunguza ukurasa mpaka ukubwa wa daftari, kitanda hakitishi tena, na maneno yaliyo vinywani mwa wahusika yanakuwa kama sisimizi.

Mwaka 2005 Sunday Press ilichapa teuzi la kurasa hizo kwa ukubwa wake wa awali, takriban sentimita 40 kwa 53. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kitabu hicho ni ghali, hakiingii katika rafu ya kawaida, na hakiazimiki. Ushauri wetu ni kuwa kama idara haina meza pana na mtu wa kukiangalia, kisinunuliwe. Hata hivyo mwalimu anayefundisha kwa chapa ndogo ana wajibu wa kuwaambia wanafunzi wake vipimo vya ukurasa wa kwanza, kama vile tunavyowaambia kuwa shairi hili liliimbwa kabla ya kuandikwa.

Suala la rangi ni zito zaidi. Rangi za zamani zilikusudiwa karatasi ya gazeti, ambayo ni ya kijivu na hunywa wino. Zikihamishiwa karatasi nyeupe yenye kung'aa, rangi zile zile hupiga kelele. Kwa hiyo wachapishaji hupaka upya. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni The Killing Joke ya mwaka 1988, iliyoandikwa na Alan Moore, ikachorwa na Brian Bolland, na kutiwa rangi na John Higgins. Mwaka 2008 Bolland mwenyewe aliitia rangi upya. Matukio ya kumbukumbu, yaliyokuwa na rangi katika chapa ya kwanza, akayafanya ya kijivu, na katika ukijivu huo akaacha kitu kimoja kimoja chekundu kujitokeza. Toleo la 1988 lina wazimu wa tamasha la mitaani, ilhali la 2008 lina ubaridi wa mtu anayekumbuka. Hadithi ni moja, hisia ni mbili.

Wapo watakaosema kwamba neno la mwisho la msanii ndilo la kufuatwa. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Higgins naye alikuwa msanii wa kazi ile, na wasomaji wa miaka 20 walisoma rangi zake. Bali tunalisifu toleo la 2008 kwa jambo moja: halikuficha. Mnunuzi anajua kwamba anachokinunua ni matini ya pili. Anayebadilisha na kusema amekuwa mwandishi mwenza, lakini anayebadilisha na kunyamaza ni mghushi.

Mkono wa kuume na mlio wa risasi

Kipimo kingine kinagusa tafsiri. Kitabu cha Kijapani husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka huko Japani kati ya 1982 na 1990, ilipoanza kuchapwa kwa Kiingereza nchini Marekani mwaka 1988, kurasa ziligeuzwa kama zinavyoonekana kiooni, na picha zilizokuwa nyeusi na nyeupe zikatiwa rangi na Steve Oliff. Rangi zile zilisifiwa, na kwa haki. Lakini ukurasa uliogeuzwa humfanya mwenye kutumia mkono wa kuume kuwa wa shoto, na pigo lililotoka mashariki likatoka magharibi. Sababu iliyotolewa kwa ugeuzaji wa namna hii ni kwamba msomaji wa nje hawezi kusoma kutoka kulia. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu, kwani tendi zetu ziliandikwa kwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia, na waliozisoma hawakupata kizunguzungu.

Mwaka 2017 Kodansha ilitoa Akira kwa Kiingereza katika mwelekeo wake wa asili, bila rangi za kuongezwa. Milio iliyochorwa ndani ya picha imeachwa kwa maandishi ya Kijapani, na tafsiri yake ikawekwa nyuma ya kitabu. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kuchukua. Tanakali za sauti ni sehemu ya lugha iliyo ngumu kutafsiriwa kupita zote: kitu kuanguka pu, chubwi au kacha ni habari tatu mbalimbali. Katika katuni tanakali ni neno na ni picha kwa wakati mmoja, na mfasiri anayeifuta amemfuta mchoraji. Kwa darasa la tafsiri, toleo la 2017 ndilo la kununua.

Tintin nchini Kongo: kufuta ni kusema

Tumefika kwenye mfano ulio mgumu kuliko yote, nao unatuhusu kwa karibu, kwa kuwa unahusu nchi ambayo mamilioni ya watu wake ni wasemaji wa Kiswahili. Hergé, ambaye jina lake halisi lilikuwa Georges Remi, aliichora safari ya Tintin nchini Kongo katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, kati ya 1930 na 1931. Hakuwa amekanyaga Kongo. Mwaka 1931 kazi ikatoka kitabuni, kurasa 110 zisizo na rangi. Mwaka 1946 aliichora upya kwa rangi katika kurasa 62, na hiyo ndiyo sura iliyoenea duniani.

Tukilinganisha matoleo haya mawili, mahali pa kutazama ni darasani. Katika toleo la 1931 Tintin anashika nafasi ya mwalimu katika shule ya misheni, na anawaambia watoto wa Kongo kwamba atawasomesha habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo limeondolewa. Tintin sasa anafundisha hesabu: anawauliza watoto mbili na mbili ni ngapi, na hakuna anayejibu.

Husemwa kwamba badiliko hili lilikuwa hatua ya kuungama, kwamba msanii alikuwa ameanza kuuonea haya ukoloni. Tukichunguza vyema tutaona kuwa mambo si mepesi hivyo. Toleo la kwanza lilisema uongo wa kisiasa waziwazi, na uongo uliosemwa waziwazi unaweza kujibiwa: mwanafunzi yeyote atauliza tangu lini Ubelgiji ikawa nchi ya Mkongo. Toleo la pili limemficha mtawala, likamwacha mtoto mweusi asiyejua mbili na mbili. Siasa imeondoka, tusi limebaki, na kwa kuwa tusi sasa halina mwenyewe, linaonekana kama kwamba ni tabia ya watoto wale. Anayenunua toleo la 1946 peke yake amenunua jeraha bila ya kisu kilicholitia.

Lugha nayo inathibitisha hayo. Katika matoleo yote mawili Wakongo husema Kifaransa kilichovunjikavunjika. Watu wa nchi yenye Kiswahili, Kilingala, Kikongo, Kiluba na lugha nyingine nyingi, watu ambao aghalabu walijua lugha mbili tatu kabla ya kumwona Mbelgiji, wamechorwa kama kwamba hawana lugha. Hili halikusahihishwa mwaka 1946, na nadhani ni kwa sababu halikuonekana. Kinyume chake, kifaru aliyetobolewa na kulipuliwa kwa baruti aliwasikitisha wachapishaji wa Skandinavia, na mwaka 1975 Hergé akawachorea ukurasa mwingine ambamo mnyama anaponea chupuchupu. Kifaru alipata mtetezi mapema.

Hadithi haikuishia hapo. Toleo la 1931 lilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1991, na lile la rangi mwaka 2005, likiwa na maneno ya utangulizi juu ya zama zake. Mwaka 2007 tume ya Uingereza iliyoshughulikia usawa wa rangi ilitaka kitabu kiondolewe madukani. Mwaka huo huo mwanafunzi mmoja Mkongo aliyeishi Ubelgiji alianza mashtaka ambayo mahakama za Brussels ziliyakataa mwaka 2012. Mwaka 2023 Casterman ikatoa kurasa za awali zikiwa zimetiwa rangi, na dibaji ya Philippe Goddin ikaeleza mazingira ya ukoloni.

Je, tununue au tususe? Nauheshimu uchungu wa waliotaka kitabu kiondolewe, na sitamlaumu mzazi asiyekitaka nyumbani mwake. Lakini idara ya lugha si chumba cha watoto. Tukikisusa, wanafunzi wetu watakutana nacho kwingine, katika sura yake iliyosafishwa, pasipo mtu wa kuwaonyesha palipofutwa. Nashauri yanunuliwe mawili kwa pamoja, la 1931 lisilo na rangi na la 1946, na yawekwe pamoja katika sehemu ya watu wazima. Kama fedha zinatosha kimoja tu, basi kiwe cha 1931. Toleo la 2023 lina dibaji yenye faida, lakini rangi zake hakuna aliyeziona mwaka 1931. Dibaji isomwe, na rangi zisichukuliwe kuwa ushahidi.

Katuni zetu wenyewe

Huenda msomaji akauliza ya nini kujisumbua na katuni za ng'ambo. Sababu ni kuwa vipimo tulivyovitaja vitahitajika nyumbani. Karatasi ya gazeti haina maisha marefu, na yeyote atakayezikusanya kazi za akina Gitau na Gregory kwa ukamilifu atakabiliwa na maswali haya yote. Je, ataweka tarehe? Mzaha juu ya foleni ya sukari hauna maana mpaka tujue ni mwaka gani sukari iliadimika. Je, atachagua vinavyochekesha leo, na kuviacha vilivyochekesha wakati ule?

Kishawishi kikubwa kuliko vyote kitakuwa cha kusanifisha. Mhariri msomi akikuta katika kinywa cha mhusika upatanisho wa ngeli uliovurugika, au neno la mtaani lisilokubaliwa na kamusi, mkono utamwasha. Ajizuie. Kiswahili kile cha sokoni na cha vituo vya basi ndicho ushahidi wenyewe, na pengine hakikuandikwa mahali pengine popote. Mhariri anayekisahihisha atakuwa amefanya kwa nia njema yale yaliyofanywa katika darasa la Tintin: atakuwa amefuta asichokipenda, na kutuachia picha iliyotakata isiyosema kweli.

Hitimisho

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mikusanyo ya katuni methali hii haitufai sana, kwa kuwa kizuri na kibaya vyote viwili hujitembeza kwa jalada la dhahabu. Mwenye kununua kwa niaba ya wanafunzi alifungue jalada na atafute mambo machache: tarehe na mahali pa chapa ya kwanza; vipimo vya ukurasa wa awali; jina la aliyetia rangi; mwelekeo wa kusoma; na zaidi ya yote, maelezo ya kilichobadilishwa. Toleo lenye maelezo hayo, hata kama karatasi yake ni duni, linafaa kununuliwa. Toleo lisilo nayo, hata likiuzwa nusu bei, ni ghali, kwani mhariri wake ametuamulia la kuona na la kutoona, wala hakutaka tujue.